Roboti inaona nini tumboni? Jibu kwa dada wa Sakina

Nimetumiwa swali hili wiki iliyopita, nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo daktari. Mimi niko Sakina Arusha, mama yangu yuko Kibosho ana miaka 61, amepigwa ultrasaundi akaambiwa ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, wamesema afanyiwe upasuaji wa matundu madogo. Sasa mdogo wangu katuonyesha video kwenye simu, roboti inafanya upasuaji huo huo, wanasema ina akili mnemba inaona mirija ambayo binadamu haoni. Mama kashika hapo hapo, anasema yeye anaisubiri roboti ije. Ni kweli inaona kuliko daktari? Ndo yenyewe inaamua pa kukata? Na huku kwetu itafika lini, tumsubirishe?"

Marahaba dada, na pole na mama. Naanza na la mwisho maana ndo lina haraka: msimsubirishe. Mawe yakishaanza kuuma, yale maumivu ya chini ya mbavu upande wa kulia yanayokuja usiku baada ya mtori wenye mafuta au nyama ya kukaanga, kila mwezi unaopita unampa jiwe moja nafasi ya kuteleza na kuziba mrija, hapo unapata macho ya njano, homa, au kongosho linavimba, na kongosho likivimba hiyo ni habari nyingine kabisa na ni nzito. Halafu mfuko unaovimba mara kwa mara unakakamaa unashikana na ini, upasuaji uliokuwa wa saa moja unakuwa wa saa tatu. Kwa hiyo mwambieni mama kliniki iko pale pale.

Sasa hilo la nani anaona, nalijibu kwa kirefu, kwa sababu mimi ni daktari wa upasuaji hapa Moshi na kazi yangu kubwa ni hayo matundu madogo, yaani kamera na vyombo vinapita kwenye vitundu badala ya kufungua tumbo, na miaka ya karibuni jioni nyingi nazimalizia na vijana wa kompyuta tunapaka rangi video za upasuaji picha kwa picha, nitaeleza hapo chini ni kwa nini.

Roboti mnayoiona kwenye video nyingi ni da Vinci ya kampuni ya Intuitive Surgical ya Marekani, kule kwao iliruhusiwa mwaka 2000. Jina roboti linachanganya watu. Daktari anakaa pembeni, mita chache toka kitanda cha mgonjwa, anaingiza uso kwenye kitu kama darubini, vidole vyake viko kwenye vishikio viwili, akikunja kidole chombo kilichoko tumboni kinakunja, akiacha nacho kinaacha. Ina mikono minne, mmoja unashika kamera. Inachuja kule kutetemeka kidogo kwa mkono ambako kila binadamu anako, na ukiipanga hivyo mkono wako ukienda sentimita 3 chombo kinaenda 1. Ila pa kukata anaamua daktari kwa asilimia zote, akitoa uso kwenye ile darubini mashine inasimama.

Kamera yake ndo tamu. Ina macho mawili, kila moja linapeleka picha kwenye jicho lake la daktari, kwa hiyo anaona kina, kipi kiko mbele kipi nyuma, na picha inaweza kukuzwa hadi mara 10. Jaribu leo jioni kutunga uzi kwenye sindano ukiwa umefunga jicho moja utanielewa haraka, maana sisi wa matundu madogo ya kawaida tunafanya kazi kwenye skrini bapa, kina tunakikisia kwa kuzoea.

Lakini kuna kitu roboti ilichukua na watu hawakisemi sana: hisia. Nikifungua tumbo nashika, najua huu ni mshipa kwa sababu unadunda kidoleni. Kwenye hiyo roboti kwa zaidi ya miaka 20 daktari alikuwa hasikii chochote mkononi, akivuta uzi sana hajui mpaka ukatike, mpaka lilipokuja toleo la da Vinci 5 lililoruhusiwa Marekani Machi 2024 ndo nguvu ya kuvuta na kusukuma ikaanza kurudi kwenye vidole. Miaka yote hiyo watu walikuwa wanapapasa kwa macho. Ndo ujue kwa nini picha ni kila kitu, na kwa nini watu wa akili mnemba wamekimbilia kwenye picha na sio kwenye mikono.

Na ugonjwa wa mama yako ndo mfano bora kuliko yote. Kwenye kutoa mfuko wa nyongo, ajali tunayoiogopa ni kukata mrija mkuu wa nyongo badala ya ule mdogo wa mfuko. Haitokei sana, ila ikitokea mgonjwa anateseka miezi, nyongo inavuja tumboni, anahitaji upasuaji mwingine mkubwa wa kuunganisha. Mwaka 2003 Lawrence Way na wenzake wa San Francisco walichambua kesi 252 za ajali hiyo wakitafuta chanzo, na asilimia 97 chanzo kikuu kilikuwa macho, yaani daktari aliona mrija mmoja akaamini kabisa kwamba ni mwingine. Mikono kukosa ufundi ilikuwa asilimia 3 tu. Mimi namba hiyo nimeibeba kichwani tangu niisome, kwa sababu yangu nayo ingeingia humo.

Ngoja nikupeleke kwenye skrini yenyewe. Nilikuwa bado mchanga kwenye kazi hii, hospitali fulani, mgonjwa mama wa makamo, mfuko umevimba mwekundu na mafuta yamejaa hadi huoni ini linaishia wapi. Kamera kaishika daktari mwanafunzi mkono umeshachoka, picha inainama taratibu kama picha ya ukutani iliyolegea msumari, kila nikiunguza tishu moshi unajaa tumboni, lenzi inashika ukungu, nesi anaichomoa anaichovya kwenye maji ya moto tuliyoyaweka kwenye chupa ya chai, ndiyo, chupa ya chai ile ya chuma, imetakaswa kwa ajili ya kazi hiyo tu, lenzi ikiwa ya moto haishiki ukungu, anafuta, inarudi ndani. Katikati ya purukushani hiyo nikaona mrija mweupe umenyooka vizuri kuelekea kwenye mfuko, nikasema huu hapa, nikanyoosha mkono kuomba klipu, kile kibanio kidogo cha kubana mrija kabla ya kuukata. Mkubwa wangu aliyesimama nyuma yangu akasema, "Subiri. Vuta mfuko upande wa kulia." Nikavuta. Pembe, ile nafasi iliyo kati ya mirija na ini, ikafunguka, na mrija wenyewe wa mfuko ukajitokeza kwa nyuma, mwembamba kama mrija wa wino wa kalamu. Nilichokuwa naenda kukibana ni mrija mkuu unaoshusha nyongo yote toka kwenye ini. Klipu ilikuwa imeshafika mkononi mwangu.

Mikono yangu siku hiyo haikuwa na kosa lolote. Kilichoniokoa ni jicho la pili chumbani. Na hicho, dada, ndicho hasa akili mnemba inachojaribu kuwa kwenye upasuaji, yule mkubwa aliyesimama nyuma, kwa ajili ya chumba ambacho hakina mkubwa wa kusimama nyuma.

Inafundishwaje? Mtoto wa Kibosho hafundishwi kuchuma kahawa kwa kuandikiwa maelezo. Unamweka kwenye mti, hii imeiva, hii bado, hii ina ugonjwa, baada ya madebe kadhaa mkono unakwenda wenyewe kwenye nyekundu. Mashine nayo ni hivyo hivyo. Picha moja ya video ya kawaida ya upasuaji ina nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2, na sisi madaktari tunakaa tunapaka: hizi ni ini, hizi mfuko, hizi ni chombo, hapa salama, hapa usiguse. Programu inakisia, inasahihishwa, inakisia tena, maelfu kwa maelfu ya mara, halafu inapewa video ambayo haijawahi kuiona ndo tunaijua kama imeelewa au imekariri. Na lazima iwe na kasi, video inaleta picha 30 kwa sekunde, kila picha ina kama milisekunde 33 za kufanyiwa kazi, ikichelewa rangi inakaa pale tishu ilipokuwa wakati tishu imeshasogea, na hiyo ni mbaya kuliko kukosa rangi kabisa.

Kazi hii ya mfuko wa nyongo imeshafanyika sana. Watu wa Strasbourg Ufaransa mwaka 2016 waliachia hadharani video 80 za upasuaji huu, zinaitwa Cholec80, zimefanywa na madaktari 13 na zimegawanywa hatua 7, na vijana wengi wa fani hii duniani wanaanzia hapo. Kule Toronto, Amin Madani na wenzake wakatengeneza programu waliyoiita GoNoGoNet, iliyofundishwa kwa video 290 kutoka nchi 37, inapaka kijani sehemu iliyo salama kufanyia kazi na nyekundu sehemu ya hatari. Ukiangalia video yake ikiwa inafanya kazi, ile nyekundu inavyoganda juu ya mrija mkuu na kuhama nao kila mgonjwa anapopumua, mimi mara ya kwanza nilikaa kimya nikakumbuka ile klipu.

Kuna nyingine zinazosafisha picha, zinatoa ule moshi wa kuunguza na mng'ao wa maji kwenye tishu. Ni nzuri, ila nakwambia wazi mimi siziamini kwa asilimia zote, kwa sababu palipofunikwa na moshi programu inajaza kwa kukisia, na mimi tumboni sitaki kuonyeshwa kitu kilichokisiwa kikiwa kinang'aa kama cha kweli. Heri nisubiri sekunde 10 moshi unyonywe.

Hilo la kuona mirija ambayo binadamu haoni, hapo mdogo wako kachanganya vitu viwili, na sio yeye peke yake. Kuna dawa ya kijani inaitwa indosianini, inatumika hospitalini tangu miaka ya 1950, ukiichoma kwenye mshipa inachukuliwa na ini na kutolewa kwenye nyongo. Ukiimulika kwa mwanga wa infraredi ambao jicho halioni inang'aa, na kamera maalumu inaonyesha mirija ya nyongo inawaka kijani ndani ya mafuta, kama umeme umepita humo. Kwenye da Vinci kamera hiyo inaitwa Firefly. Hiyo ni kemia na mwanga, akili mnemba haihusiki, na hata baadhi ya mashine za kawaida za matundu madogo zinayo. Inasaidia kweli, ila mafuta yakiwa mazito sana au pale pakiwa pamevimba sana mwanga haupiti.

Halafu kuna ramani. Unachukua siti skani ya mgonjwa, unatengeneza umbo lake la pande tatu, unalilaza juu ya video ili daktari aone uvimbe uliojificha ndani ya figo kabla hajakata, kule Turin Italia wamefanya hivyo kwenye figo na tezi dume. Wazo tamu sana, shida ni kwamba siti skani ilipigwa mgonjwa amelala kimya, na sisi tukianza tunajaza tumbo hewa ya kabonidayoksaidi, ini linasukumwa, mgonjwa anapumua, mimi mwenyewe navuta kiungo huku na huku. Ni kama umechora ramani ya Kiboriloni siku ambayo hakuna soko, halafu umpe mtu aitumie siku ya mnada wakati meza za mitumba zimefunika kila njia. Barabara kubwa ataipata, kichochoro hatakipata. Na mimi milimita 3 ndo kichochoro changu. Hapo ndo akili mnemba ina kazi kubwa kuliko zote, kuikunja ramani upya kila sekunde kadiri kiungo kinavyobadilika umbo, na kwa viungo laini kazi hiyo haijaisha.

Kuhusu roboti kukata yenyewe bila mtu. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins Marekani mwaka 2022 walionyesha roboti yao STAR ikishona utumbo wa nguruwe walio hai kupitia matundu, karibu yote yenyewe, na Julai 2025 wakaonyesha nyingine ikifanya sehemu ya upasuaji wa mfuko wa nyongo, kubana na kukata mrija na mshipa, kwenye viungo 8 vya nguruwe, vyote 8 ikafanikiwa. Ila viungo vile vilikuwa vimeshatolewa mwilini, havitoi damu, havipumui. Ni hatua kubwa na ninaifuatilia kwa karibu, lakini mama yako wa Kibosho sio suala la mashine hiyo leo wala mwakani.

Sasa ubaya wake nao niuseme. Mwaka 2025 ilitoka tafiti ya Poland kwa madaktari wanaoangalia utumbo mpana kwa kamera, walikuwa wamezoea akili mnemba inayowaonyesha vivimbe kwa kibox kwenye skrini. Wakapimwa wakifanya bila hiyo. Kabla hawajaizoea walikuwa wanapata vivimbe vya hatari kwa asilimia 28.4 ya wagonjwa, baada ya kuizoea, wakiachwa peke yao, wakashuka hadi 22.4. Jicho lilikuwa limelala. Kwetu huku ambako umeme unaweza kukatika katikati ya kazi, jenereta ikawaka lakini kompyuta ikaanza kujiwasha upya taratibu, hilo mimi linaniuma zaidi kuliko bei. Daktari kijana lazima ajifunze kwanza bila rangi, halafu ndo apewe rangi.

Jingine ni mashine kufundishwa na wagonjwa wasiofanana na wetu. Kule kwao wengi wanafika mapema, mfuko bado laini. Kwetu mtu anaumwa miaka, kapita kwa dawa za kienyeji, kapita kwenye dawa za vidonda vya tumbo, anafika mfuko umeshakuwa kama gamba. Programu iliyosoma mifuko laini ikikutana na gamba haisemi sijui, inapaka kijani tu kwa ujasiri ule ule. Ndo maana zile jioni nakaa na vijana napaka rangi video za wagonjwa wetu, wale waliokubali kwa maandishi, jina limeondolewa, tena kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na video ya ndani ya tumbo la mtu ni siri yake. Kazi inachosha macho, picha moja dakika kadhaa, ila sioni njia nyingine ya kuifanya mashine imjue mama wa Kibosho.

Na itafika lini? Roboti yenyewe ni kama dola milioni 2, na vyombo vyake vina idadi ya matumizi, ikiisha unavitupa hata kama vinaonekana vizima, kwa hiyo sitakudanganya kwa tarehe. Afrika imeshaanza: Juni 2025 Dokta Vipul Patel akiwa Orlando Marekani alimfanyia upasuaji mgonjwa wa saratani ya tezi dume aliyeko Angola kwa roboti ya kichina ya Toumai, na hapo jirani Kigali, taasisi ya IRCAD ya Ufaransa ilifungua kituo mwaka 2023 cha kufundisha upasuaji wa matundu. Lakini mimi macho yangu hayako kwenye mikono ya roboti. Ile sehemu ya kuona haihitaji roboti kabisa! Inahitaji kamera ya matundu madogo ambayo tayari ipo, kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na programu iliyosoma wagonjwa wetu, ikae humo humo chumbani bila kutegemea intaneti. Hospitali ya KCMC iko hapa Moshi tangu 1971, chuo cha Nelson Mandela kiko Tengeru na vijana wa kompyuta wanaojua hizi kazi, kati yao hakuna hata kilomita 80 za lami. Macho yanaweza kutangulia mikono kwa miaka mingi, na ndicho ninachokipigania.

Tumrudie mama. Muulizeni daktari wake haya, na msione aibu, daktari mzuri hakasiriki. Upasuaji huu ameshaufanya mara ngapi? Kabla hajabana chochote, anahakikisha ule mwonekano wa usalama uliofundishwa na daktari wa upasuaji Strasberg wa Marekani tangu 1995, yaani pembe imesafishwa mafuta, sehemu ya chini ya mfuko imetenganishwa na ini, na vitu viwili tu ndo vinaonekana vikiingia kwenye mfuko? Na asipouona atafanya nini? Jibu unalotaka kusikia kwenye hilo la mwisho ni kwamba atasimama, ataita mwenzake, au ataacha kipande cha mfuko, au atafungua tumbo. Akisema huwa haimtokei, tafuteni mwingine.

Siku ya kliniki mama aende na karatasi ya ultrasaundi na picha zenyewe, sio maelezo tu, na kipimo cha damu cha ini kama alishapimwa. Aseme dawa zote anazotumia hata za mizizi, hasa zile za kufanya damu iwe nyepesi. Na akianza macho ya njano au homa ya kutetemeka kabla ya hiyo siku asisubiri tarehe, mpandisheni gari usiku huo huo.